Masaa Matatu ya Jumamosi

Kosa la Kavugho lilikuwa kosa la heshima. Makosa ya aina hiyo ni mabaya kuliko mengine, kwa sababu mwenye kuyafanya anajiona mwema kabisa wakati anayafanya, na majirani wote wanamtikisia kichwa wakisema ndiyo, mama, umefanya vizuri.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa kumi, mvua zimeshika, mwaka ule ambao waasi walikuwa wamegawanyika vipande vipande hata wao wenyewe hawajui nani anamwasi nani. Saa moja ya asubuhi Zacharie, fundi wa phonie, yule aliyekuwa anashinda na redio yake akiongea na Beni, Goma na Kampala kwa sauti ile ile ya kulalamika, alifika mbio mpaka duka la vitenge la Kavugho. Alimkuta anafungua kufuli. Hakusalimia.

"Bameshika Mathe," akasema.

Mathe alikuwa mdogo wake Kavugho, tumbo moja. Mama yao alipokufa, mtoto alikuwa bado anatambaa, na Kavugho ndiye aliyembeba mgongoni, akamsomesha, akamtafutia kazi. Sasa alikuwa mwanaume wa miaka thelathini na ndevu zake, na ndiye aliyeendesha niveleuse ya Kamati ya Barabara, mashine ya manjano ya kukwangua barabara, moja tu kati ya Butembo na Beni nzima. Siku ya tatu ya wiki hiyo Commandant Ananie, mkubwa wa askari kule Beni, aliomba mashine hiyo imfungulie malori yake njia ya kwenda msituni kupigana. Kamati ikamjibu kwa adabu kwamba mashine ni ya raia na haiendi vitani. Ijumaa askari wakaifuata mpaka mlima wa Kabasha. Mathe aliwaona kwa mbali. Akachomoa pompe ya mafuta, akampa mama mmoja aliyekuwa anapita na kikapu cha kabichi, akakaa kwenye ngazi ya mashine kuwangoja. Askari waliisukuma, wakaipiga mateke, wakaitukana kwa Lingala safi. Mashine ikanyamaza. Basi wakachukua mtu.

"Commandant anasema nini?" Kavugho akauliza. Sauti yake ilikuwa bado nzima.

"Anasema camion yake ya mwisho inatoka Beni leo saa kumi, inaenda ku front. Mathe atapanda na bale ya kubeba masasi. Mais anasema vile: mwenye kutaka mutu wake afike yeye mwenyewe, na miguu yake, mbele ya saa kumi, atamupata. Hapana barua, hapana mutu wa kutumwa. Alisema vile mbele ya basoda yake yote. Na mwenye anangojea ni Muzee Rahamimu, sababu Kamati ni ya kwake."

Kavugho akarudisha kufuli mlangoni.

"Leo ni siku ya posho," akasema. Ndivyo tunavyoita Jumamosi.

"Njo hivyo," Zacharie akajibu, akainamisha kichwa. "Leo ni siku ya posho."

Hapa lazima Muzee Rahamimu ajulikane, la sivyo hata ukielezwa mara kumi hutaelewa kwa nini watu wawili wazima walisimama mbele ya duka wakiangalia chini.

Jina lake kamili lilikuwa Rahamim Pizanti. Alizaliwa kwenye kisiwa cha Rhodes, mbali kule kwenye bahari ya Wagiriki, kwenye mtaa wa Wayahudi. Alikuja Kongo akiwa kijana wa miaka kumi na saba kufanya kazi kwenye duka la mjomba wake Elisabethville. Vita kubwa ya Wazungu ilipokwisha, barua ikamfikia. Ilisema kwamba siku moja ya mwezi wa saba watu wa mtaa wao waliitwa waje na vitambulisho vyao, wakaja, wakapakiwa wote. Baba yake, mama yake, dada zake watatu. Akafunga barua, akapanda lori kuelekea kaskazini, akaendelea kupanda malori mpaka akachoka, na alipochoka alikuwa Butembo. Akafungua duka la nguo. Miaka hamsini na nne baadaye alikuwa bado yupo, Muyahudi peke yake katika mji mzima, na Kiswahili chake kilikuwa na matusi mazuri kuliko chetu.

Alikuwa na ugonjwa mmoja. Akiona watu wawili wamesimama pamoja muda mrefu, anawachagulisha secrétaire. Chemchemi ya kwanza ya bomba kule Mususa, yeye. Kamati ya wazazi wa shule, yeye. Ukuta wa makaburi, yeye. Na serikali ilipoacha kulipa hata mfagizi, akakusanya wafanyabiashara, wakulima na bamama wa soko, akawaambia kidole kimoja hakivunji chawa, wakaanzisha Kamati ya Barabara. Kwanza daftari, ndipo président. "Président anaweza kufa, ama anapata cheo Kinshasa, ni mambo moja," alikuwa anasema. "Kaye inabaki." Na mwenye kushika kaye ya barabara, miaka kumi sasa, alikuwa Kavugho.

Lakini Jumamosi Muzee hakuwa mtu wa kamati. Tangu jua la Ijumaa linapozama, hapandi gari, haandiki, hawashi moto, hazungumzi biashara. Emérence, mpishi wake, alikuwa anafukia sufuria ya mayai na maganda ya vitunguu kwenye makaa tangu Ijumaa, asubuhi yanatoka rangi ya kahawa, na wageni wanakula. Wasabato wa Butembo walimhesabu kuwa wao. Pasta Eliezer aliwahi kumwombea hadharani kama "ndugu yetu mkongwe," na Muzee akamjibu kwamba asante, ila yeye alikuwa Sabato kabla Sabato haijapata pasta.

Na kuna ile habari ya mwaka wa 1958, ambayo hakuna mtoto wa Butembo ambaye hakuisikia. Administrateur mmoja Mbelgiji alimwita Jumamosi atie sahihi karatasi ya ruhusa ya duka lake. Muzee akasema nitasaini kesho. Mbelgiji akasema leo. Muzee akalala buloko siku kumi na mbili kwa ajili ya sahihi moja, akatoka na chawa, kofia yake kichwani, na Jumapili iliyofuata akasaini. Mji uliipenda habari hiyo mpaka ukaifanya mali yake. Kavugho aliisikia akiwa mapajani mwa mama yake.

Basi sasa unaelewa. Kwenda kumgongea mzee kama huyo Jumamosi asubuhi, umwambie apande piki, asafiri kilometa hamsini na nne, labda na kusaini karatasi mbele ya askari, kwa Kavugho ilikuwa ni kumwomba mtu avunje agano lake na Mungu kwa ajili ya mdogo wako. Na yeye atakataa, na kukataa kutamvunja moyo. Ama atakubali, na hiyo ni mbaya zaidi.

"Asijue," Kavugho akamwambia Zacharie. "Tutafute njia ingine."

Walitafuta. Kavugho alikwenda parokia, akaambiwa padri amelala Musienene kwa mkutano. Alikwenda kwa wafanyabiashara watatu wakubwa, wakamhurumia kweli kweli, mmoja akamkalisha na kumpa chai. Alirudi kwenye phonie akaongea na Beni yeye mwenyewe, akajitambulisha kuwa secrétaire na dada wa mfungwa. Sauti ya upande wa pili ikacheka, ikasema Commandant hazungumzi na kaye, anazungumza na Muzee. Habari ilikwisha kuzagaa sokoni, na kila aliyeisikia alisema neno lile lile: Muzee asisumbuliwe. Vijana wa piki walizima injini zao kwenye avenue yake wakawa wanazisukuma kwa mikono. Butembo nzima ilikuwa inalinda usingizi wa mtu mmoja, na saa zilikuwa zinakwenda.

Kavugho alijikuta amekaa kwenye jiwe nje ya ua wa Muzee. Hakuja kuomba. Miguu ilimleta yenyewe. Alimwambia Emérence kupitia fensi asiseme kitu, na Emérence, ambaye macho yake yalikuwa mekundu tayari, akasema hatasema.

Saa nne Muzee akatoka na fimbo yake kwa matembezi ya Jumamosi, mpaka kona na kurudi. Akasimama.

"Kavugho. Juu ya nini unakaa inje?"

"Napumuzika kidogo, Muzee."

"Weye?" Miaka yote hiyo hakuwahi kumwona amepumzika. "Nani amekufa?"

"Hakuna mutu, Muzee."

"Donc nani anataka kufa?"

Kavugho akabana midomo, ikakataa kubanika. Alilia kama mtoto, mwanamke wa miaka arobaini na sita, mama wa watoto watano, na katikati ya kilio akamweleza yote, mashine, pompe, lori, saa kumi. Muzee alisikiliza mpaka mwisho. Uso wake ulikuwa unabadilika rangi.

"Ulijua saa ngapi?"

"Saa moja, Muzee."

"Na sasa ni saa nne." Akapiga fimbo chini. "Munanifanya sanamu ya kanisa. Munanipangusa vumbi, munaniwashia mishumaa, na mutoto anakufa inje. Nani aliwaambia mufanye vile? Nani?"

"Muzee, weye ulilala mu buloko siku kumi na mbili juu ya signature moja. Siku ya posho. Njo maana sisi..."

"Ile ilikuwa karatasi, Kavugho. Karatasi inangojea. Hii ni mutu." Hasira ilimpunguzia miaka. "Kwetu, mutu akiwa ku hatari, Sabato inasogea pembeni, inamupisha. Hapana kuuliza. Mwenye kusimama kuuliza ruhusa, mutu anakufa yeye bado anauliza. Emérence, lete koti. Na muniitie motard mwenye haogopi matope."

Heshima si utumwa, wahenga walisema, na Kavugho aliyajua maneno hayo tangu utoto. Kumbe kujua na kuelewa ni ndugu wasiolala nyumba moja.

Mwenye piki alikuwa Siméon, kijana mfupi mwenye koti la mvua la polisi. Walipanda watatu: Siméon mbele, Muzee katikati ameshika kofia, Kavugho nyuma na kaye yake ndani ya mfuko wa plastiki, kwa sababu hakujua kwenda mahali popote bila hiyo kaye. Walipotokea kwenye barabara kuu soko zima likasimama. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Bibi mmoja akafanya ishara ya msalaba. Pasta Eliezer, akiwa njiani kwenda ibadani na suti yake, aliingia kabisa katikati ya barabara akanyosha mkono.

"Muzee, leo ni Sabato."

"Pasteur, Sabato ni siku ya kupumuzika, si siku ya kufa. Toka mu njia."

Pasta akatoka.

Njia ya Beni siku hizo ilikuwa inaenda kwa piki masaa matatu kama Mungu anapenda. Kwenye kijiji cha Maboya, askari wa kizuizi waliona kofia ile wakashusha kamba bila kuambiwa, kwa sababu hata askari wana mama, na mama zao wanapita barabara hiyo na mihogo. Kabasha walishuka wakatembea kwenye utelezi, Muzee ameshika bega la Kavugho, wakapita mbele ya mashine ya manjano iliyosimama pembeni na mlango wazi. Muzee aliigonga kidogo kwa fimbo, jinsi mtu anavyogonga bega la rafiki. Wakulima waliokuwa wanazibua mfereji walivua kofia. Mvua ikawapiga mpaka mawingu yakafunguka mbele yao, na saa nane kasoro dakika chache wakaingia Beni, wekundu kwa matope kuanzia viatu hadi kope.

Commandant Ananie alikuwa amekaa chini ya bâche, turubai iliyofungwa kati ya malori, anakula nyama ya mbuzi. Alikuwa mwanaume mnene kidogo, mwenye sauti nzuri ya mwimbaji. Alipomwona Muzee anashushwa kwenye piki, mkono ulisimama njiani kabla ya kufika mdomoni.

"Nilisikia siku ya posho Muzee hapandi hata punda," akasema.

"Ulisikia vizuri."

"Njo maana nilichagua siku ya posho." Akacheka, hakuficha hata kidogo, na askari wake wakacheka naye.

Muzee naye akacheka, na hapo ndipo Commandant akaacha. "Ulichagua muzuri, Commandant. Siku ingine ningetuma barua, mutu hangejua. Leo, kutoka Butembo paka hapa, batu yote bameniona napita. Bote banajua kwenye ninaenda na juu ya nini. Mutu wangu iko wapi?"

Neno lilikuwa limetolewa mbele ya askari, na mkubwa anayekula neno lake mbele ya askari anakula na cheo chake. Commandant akaagiza karatasi na bic. "Utasaini kama umemupokea," akasema kwa utamu. "Najua leo hauandike."

Muzee akachukua bic. Akaandika jina lake. Akaandika jina la baba yake, na la babu yake, na la baba wa babu, herufi kubwa za polepole, mpaka karatasi ikajaa ukingoni, akauliza kama wana nyingine. Kavugho aliona askari mmoja kijana anakenua meno, kisha anageuka upande asionekane.

Mathe akaletwa. Mdomo ulikuwa umevimba na kiatu kilikuwa kimoja. Kavugho alimshika uso kwa mikono miwili akamgeuza huku na huku kama anayechagua nyanya, halafu akampiga kibao kidogo cha shavuni, kwa sababu ya ile pompe, halafu akamkumbatia.

Walikwenda kutulia mtaa wa Beu, kwa Abigaïl, binamu yao, nyumba ya mbao yenye ua wa maua mekundu. Abigaïl akaleta maji ya moto na viti. Siméon aligeuza piki kuelekea nyumbani, lakini Muzee akaketi chini ya paa la baraza akanyosha miguu.

"Mutu ameokoka," akasema. "Sabato yangu imerudi. Mimi sipandi tena piki paka nyota zionekane. Munaweza kuenda." Akaweka kofia usoni, na kabla maji hayajapoa alikuwa analala, mdomo wazi, mzee wa miaka themanini aliyefanya safari ya vijana.

"Yaya, tuende," Mathe akamnong'oneza dada yake. "Ule Commandant anaweza kugeuza kichwa."

Kavugho alikuwa anafunga mfuko wake bamama walipofika kwenye fensi. Walikuwa wanane au kumi mwanzoni. Aliyetangulia alijitambulisha kuwa Mariette, muuzaji wa mihogo hapo Beu, mwanamke mrefu, kitenge kimefungwa kwa nguvu kiunoni kana kwamba anakwenda shamba.

"Tulisikia muzee mumoja aliingia mu camp na akatoka na mutu," akasema. "Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Mule mu camion ya saa kumi kuko batoto yetu tisa. Balibashika ku soko, ku barabara, mumoja ku mulango ya kanisa. Sisi tulienda, balitufukuza ku barrière. Donc tunaomba huyu muzee."

Kavugho akageuka kuangalia kiti. Kofia ilikuwa inapanda na kushuka taratibu. Halafu akamwangalia Mathe, kiatu kimoja, damu imekauka kidevuni. Akirudi kwa Commandant, mtu huyo atakasirika, na mtu aliyekasirika na mwenye bunduki hasomi karatasi aliyosainisha. Kavugho aliogopa, hofu safi, hakuna haja ya kuipamba. Mtu wake alikuwa ameshampata. Angeweza kusema mzee amechoka, mzee ni mtu wa Sabato, na wale bamama wangeelewa. Wangemtikisia kichwa kabisa.

"Weye panda na Siméon, enda," akamwambia Mathe. "Sasa hivi. Usisimame paka Butembo."

"Na weye, yaya?"

"Panda."

Alingoja piki ikapotea kwenye kona. Kisha akaenda kwenye kiti akatoa ile kofia usoni kwa mkono wake mwenyewe.

"Muzee, simama."

Jicho moja likafunguka.

"Kuko batu tisa mu camion. Ni saa tisa."

Muzee alikuwa tayari anatafuta fimbo chini ya kiti. "Uko na kaye?"

"Niko nayo."

"Andika majina. Ya mutoto na ya mama yake, pamoja."

Walipofika kambini walikuwa bamama sitini, kwa sababu njiani kila aliyeuliza mnakwenda wapi aliingia kwenye mstari. Askari wa barrière, kizuizi cha kambi, walimwona Muzee mbele wakasita, na mwenye kusita mbele ya wanawake sitini amekwisha kupisha. Injini ya lori ilikuwa inaunguruma. Commandant Ananie alisimama kwenye ngazi ya lori, na safari hii hakuwa anacheka.

"Mutu wako si nilikupa?"

"Ulinipa. Aksanti." Muzee akaegemea fimbo. "Leo asubuhi ulisema mwenye kutaka mutu wake afike yeye mwenyewe mbele ya saa kumi. Ni saa tisa na nusu. Bamefika. Kavugho, soma."

Kavugho akasoma. Kila alipotaja mtoto na mama yake, mwanamke mmoja mstarini alisema "Niko." Na huko juu ya lori, nyuma ya turubai, sauti za vijana zikaanza kujibu.

"Nilisema juu ya mutu mumoja," Commandant akasema.

"Ulisema mwenye kutaka mutu wake. Basoda yako balisikia, phonie ilisikia, Butembo ilisikia." Muzee hakupandisha sauti. "Na unisikie na mimi. Mafuta yako inatoka wapi? Maharagi yako inatoka wapi? Inapita Kabasha. Na Kabasha inashikwa na nani? Mashine imelala. Imebaki majembe ya hawa bamama na bandugu yao, kila siku ya ine ya wiki, bila franc moja. Baache majembe wiki mbili tu, mu hii mvua, utakula majani. Mimi sikutishie. Mimi ni muzee, najua barabara."

Commandant aliangalia wanawake, akaangalia mawingu juu ya Kabasha kule kusini, meusi kama masizi. Alikuwa mtu mwenye akili, hilo lazima lisemwe. Alitema mate pembeni akaamuru ubao wa nyuma wa lori ushushwe.

Wakashuka. Mmoja, wawili, mpaka tisa, na kila anayeshuka Kavugho akatia alama kwenye kaye. Bamama walipiga vigelegele, wakacheka, wakawapiga watoto wao makofi ya mapenzi. Lori likaondoka saa kumi kamili, limebeba masanduku ya risasi na askari waliokunja uso, na nyuma yake kizuizi cha njia ya Mangina, ile ya kwenda vitani, kikafungwa.

Ni hapo Kavugho alipomwona Mariette. Alikuwa amesimama kando, mikono imefungwa kifuani, hana wa kumkumbatia. Kavugho akaangalia kaye. Jina la Mariette halikuwemo.

"Wako iko wapi, mama?"

"Wangu alienda na camion ya kwanza. Balikuwa batu kumi na mumoja."

"Ilitoka saa ngapi?"

"Saa sita."

Kavugho akahesabu. Haikuhitaji kalamu. Kama angegonga ule mlango saa moja, wangefika hapa saa tano, kabla ya saa sita, na muda wa kutosha. Maji yakimwagika hayazoleki. Angeweza kunyamaza, hakuna mtu angejua. Akafunga kaye.

"Mama, miye nilijua saa moja ya asubuhi. Nilikaa nayo masaa tatu. Nilifikiri namuheshimu Muzee. Kama singekaa, tungemukuta mutoto wako hapa."

Mariette alimwangalia. Hakumtukana, na hakumwambia si kitu, kwa sababu ilikuwa kitu. "Na juu ya nini ulikuja, kama wako ulikuwa umeshamupata?" akauliza mwishowe.

"Na weye juu ya nini ulituletea bale bamama, wako alikuwa ameshaenda?"

Mariette alifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Banasema camion italala Mangina," akasema. "Matope. Haiwezi kupita."

"Donc tunaenda Mangina," Muzee akasema nyuma yao. Alikuwa amesikia yote, mkono mmoja juu ya fimbo, matope yamekauka kwenye nyusi zake.

"Barrière imefungwa, tata," Mariette akamwambia. "Nyuma ya column ya basoda hapana kupita. Inafunguka kesho saa kumi na mbili ya asubuhi."

Muzee akatafakari, akamgeukia secrétaire wake. Sauti yake sasa ilikuwa ya upole, karibu ya aibu. "Kesho ni siku ya Mungu, Kavugho. Weye uko na misa yako."

Kavugho hakuwahi kukosa misa tangu komunyo yake ya kwanza. Alifungua ukurasa mpya wa kaye akauliza jina la mtoto. Sikuli, Mariette akasema, na Kavugho akaliandika, na jina la mama pembeni yake, akaacha mistari kumi chini kwa wale wengine.

"Saa kumi na moja tutakuwa pale ku barrière, Muzee," akasema. "Tutangojea bafungue."